Bi. Ratan Aliyekataa Kunyamaza

Tarehe 31 Machi 1954 Bi. Ratan Devshi anavua aproni ya zahanati ya shamba letu la mkonge, hapa karibu na Mlandizi, baada ya kuivaa kwa miaka ishirini na minane.

Aliajiriwa mwaka 1926 kufua mashuka, akiwa mjane wa miaka ishirini na saba. Baada ya miaka mitatu akawa mkunga. Nusu ya vijana wanaokata mkonge leo walipokelewa na mikono yake, naye bado huwaita kwa majina yao ya utotoni mbele ya wasimamizi wao.

Chumbani kwake ana sanamu ndogo ya shaba ya mungu wake, Krishna, akiwa mtoto anayetambaa. Kila alfajiri humwogesha, humvisha, humpa maziwa kabla yeye mwenyewe hajanywa chai, kisha humwimbia. Hamwimbii kwa woga wala kwa kuomba kitu. Humwimbia kama mtu anavyomwimbia ampendaye. Sauti yake si nzuri, na hatukumficha hilo. Alitujibu kwamba anayeimbiwa hajalalamika. Wodini pia aliimba, na wanawake wenye uchungu walivuta pumzi kwa kufuata makofi yake. Sisi Waislamu na Walutheri hakutuomba hata siku moja tubadili dini.

Mwaka 1938 shemeji yake, Bwana Jamnadas, alikuja kutoka Dar es Salaam na wazee wawili. Walisema kwa mila yao mjane hukaa kimya, haimbi mbele ya watu. Akiendelea, hawatamjua tena, hata siku ya kuchoma maiti yake. Nilikuwa nakunja bendeji mlangoni, nikamsikia.

"Shemeji, aliyekufa ni mume wangu. Mpenzi wangu hajafa. Ninyamaze kwa nini?"

"Na ukifa, nani atakuchoma?"

"Anayenipenda hatashindwa na kuni."

Wakaenda kwa meneja, naye akapiga marufuku kuimba. Bi. Ratan alikunja aproni, akaiweka mezani kwa meneja, akabeba Krishna wake na kuhamia kibanda cha kupanga kando ya barabara.

Siku ya nne Mwanamvua, mke wa Maneno wa kwenye mashine, alishikwa na uchungu. Akaipita zahanati, mkono kiunoni, akielekea kibandani. Mumewe alimsihi arudi.

"Pale kimya kama makaburini," alisema. "Sizai pale!"

Alijifungua salama kwa Bi. Ratan, na kabla ya wiki kwisha wengine wawili wakamfuata. Ndipo meneja alipokuja mwenyewe na aproni ndani ya gari. Alimwambia anaweza kuimba, ila polepole. Bi. Ratan akasema polepole hajui. Meneja akamfungulia mlango wa gari.

Jamaa zake hawajamrudia mpaka leo, na jambo hilo lilimuuma. Sikukuu ya Diwali aliwasha taa zake peke yake miaka miwili. Mwaka wa tatu wanawake wa kambini walikuja na vibatari vyao, bila kuitwa.

Kampuni ilimpa tiketi ya meli ya kurudi Bara Hindi. Ameirudisha. Anahamia Kibuta, alikojenga nyumba ya vyumba viwili. Kile kikubwa ni cha Krishna.

Bi. Ratan, ahsante kwa watoto wetu, na ahsante kwa shingo yako ngumu. Tunakutakia maisha marefu, yenye afya na kelele nyingi.

Husseini Kitwana, dresa, mfunga vidonda wa zahanati