Mzee Ambrose Tustain na Ukuta wa Kaskazini

Mchungaji wetu, ndugu, majirani, na ninyi waashi mliotoka mbali kuja kumsindikiza, mimi ni Clive, mtoto wa pili wa Mzee Ambrose Tustain, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, nanyi mtanivumilia nikisoma polepole, kwa kuwa hata yeye hakupenda kuharakishwa.

Mzee Ambrose alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa hapa Ludcombe, katika nyumba ndogo iliyo langoni mwa Jumba, ile nyumba kubwa ya kale ya kijiji chetu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Albert Tustain, mtunza farasi, na marehemu mkewe Edith, akabatizwa katika kanisa hili Jumapili ya Pasaka, tarehe 17 Aprili mwaka huo huo. Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1943 hadi 1953, na Septemba ya mwaka huo akachukuliwa kujifunza uashi Jumbani kwa marehemu Mzee Sidney Ayliffe, ambaye siku ya kwanza alimwambia, "Nyumba hii ina miaka mia tatu na sitini, wewe una kumi na mitano, kwa hiyo usipojua jambo, iulize yenyewe."

Chini ya mzee huyo alijifunza kuchonga nguzo za madirisha, kupanga vigae vya mawe, vikubwa chini na vidogo juu, na kutengeneza chokaa laini ya kuzibia maungio ya mawe, akaelezwa kwamba ulaini wake si udhaifu, maana ukuta hunywa mvua, kisha hupumua na kuitoa kupitia chokaa hiyo. Mzee Ayliffe alifariki mwaka 1960, na baba akabaki mwashi pekee wa Jumba.

Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na mama yetu, Muriel Pegler, mbele ya madhabahu hii, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu Gwen mwaka 1963, na mimi mwaka 1966.

Sasa nafika mahali ambapo sisi tungependa kupaharakisha, lakini yeye mwenyewe alituagiza pasomwe. Mwaka 1964 marehemu Bibi Averil Dancy, mwenye Jumba, alimwomba azibe upya maungio ya ukuta wote wa kaskazini kabla ya baridi, na baba, akiwa na miaka ishirini na sita, akaacha chokaa akatumia saruji, kwa sababu ilikuwa ngumu, ilikauka upesi, na kila mwashi mkoani aliisifu. Alimaliza kwa wiki sita, wakampongeza, naye kwa furaha akaandika herufi za jina lake na mwaka kwenye saruji mbichi, pembeni, chini kabisa.

Miaka kumi na saba baadaye, Januari 1982, Bibi Dancy alimwita ndani ya ukumbi, chini ya dari ile ya maua na zabibu za plasta, na kipande cha zabibu kilikuwa kimelala sakafuni. Baba aliweka kiganja ukutani, akakuta umelowa kama pua ya mbwa, kisha akatoka nje akagusa mawe, yakamomonyoka mkononi kama unga, maana maji yaliingia kwenye nyufa za saruji, yakakosa pa kutokea, yakaganda ndani ya mawe yenyewe. Alirudi nyumbani akamwambia mama, "Muriel, nimeiua nyumba ya watu." Mama akamjibu, "Haijafa. Kula kwanza."

Aliomba ruhusa ya kuiondoa saruji ile, kwa kuwa Jumba linalindwa na serikali na huwezi kugusa hata msumari bila kibali, na halmashauri ikamtuma Bibi Pauline Keyte, wakati huo msichana mwenye buti mpya, ambaye alitazama ukuta akauliza ni mpumbavu gani aliyefanya hivi. Baba akasema, "Namfahamu. Kila asubuhi hunywa chai kwangu."

Kibali kilitoka mwaka 1983, na tangu hapo kila Jumamosi, kuanzia Aprili hadi Septemba, kwa kuwa chokaa haivumilii barafu, baba alikuwa kwenye ukuta ule na nyundo ndogo na tindo nyembamba, akitoa saruji kipande kwa kipande asivunje kingo za mawe, akijaza chokaa, akiifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Alikataa malipo. Mama alimtania kwamba ukuta ndiye mke mkubwa, na mama alipofariki, tarehe 2 Mei 2006, baba alikosa Jumamosi tatu tu, akasema mama mwenyewe angemfukuza nyumbani aende ukutani.

Mwaka 2011 madaktari walikuta mapafu yake yamechoka kwa vumbi, wakamkataza kazi, na wakati huo ilikuwa imebaki pembe moja tu, ile yenye herufi zake. Alimwomba Mungu, nasi tulimsikia, asimwite kabla pembe hiyo haijapona. Ndipo Bibi Keyte akaja na habari ngumu, kwamba herufi zile sasa ni sehemu ya historia ya nyumba, zinapaswa kulindwa. Baba akamwambia, "Bibi Keyte, historia yenyewe ni mimi, nami naomba niondolewe." Bibi Keyte alirudi ofisini kwake akatuandikia barua mbili, ya kwanza ya kukataa, ya pili, baada ya miaka miwili, ya kukubali.

Kazi ile aliifanya Gwen, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye hakuwahi kushika tindo, na baba alikaa kwenye kiti na blanketi akimwelekeza, "Polepole, mwanangu. Huo ni ukuta, si sufuria." Walimaliza Jumamosi, tarehe 7 Juni 2014, na kuanzia hapo kila Gwen alipoingia chumbani baba alimuuliza neno moja tu, kama ukuta umekauka, naye Gwen, ambaye hajui kudanganya, alijibu, "Bado, baba."

Mzee Ambrose alituaga tarehe 30 Oktoba 2014, saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani kwake, akiwa ameshika mkono wa Gwen, na ameacha watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompa miaka zaidi ya ile waliyotuahidi, majirani mlioleta supu bila kuombwa, waashi wenzake, na Bibi Keyte, ambaye yuko hapa, kwa barua ya pili.

Leo asubuhi, kabla ya kuja kanisani, Gwen alipitia Jumbani, akaingia ukumbini, akaweka kiganja ukutani, upande wa ndani wa ile pembe, akakaa nacho hapo muda mrefu, kisha akaja kuniambia niongeze mstari mmoja mwishoni, nami nausoma kama alivyouandika.

Umekauka, baba. Sasa pumzika.