Barua Ishirini na Tano za Mama Doreen

Mchungaji, ndugu, na majirani wa Pellbrook, wa zamani na wa juzi, mimi ni Rosalind, binti wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake.

Mama yetu, Doreen Maud Tapsell, alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa Pellbrook, maili tatu kutoka mji wa Wenford, wakati kijiji kilipokuwa na tanuri la matofali, mashamba matatu na baa mbili, akasoma shule ya kijiji hadi 1949, kisha Wenford hadi 1953, akawa karani wa maktaba ya mji hadi alipostaafu mwaka 1998. Tarehe 6 Juni 1959 alifunga ndoa na baba yetu, Leonard, fundi wa matofali, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Clive na mimi.

Tanuri lilifungwa mwaka 1981, baba akawa dereva wa basi, mashamba yakauzwa, mji ukatusogelea nyumba kwa nyumba, na kilichobaki kati yetu na mji ni Uwanja wa Bukini, mali ya tajiri mmoja, ambako tulicheza kriketi, tukatembeza mbwa na kufanya tamasha kila Julai. Mama, katibu wa tamasha tangu 1984, alilelewa asiguse cha mtu bila kuomba, basi kila mwaka alimwandikia mwenye uwanja barua ya adabu kuomba ruhusa, akampa baba aipeleke kwa kuwa basi lilipita langoni pake, na alipokosa majibu alisema matajiri wana shughuli nyingi.

Mwaka 2009 kampuni moja iliununua uwanja ili ijenge nyumba mia tatu na kumi, nasi tukafungua shauri, kwa kuwa sheria ililinda uwanja uliotumiwa na wanakijiji miaka ishirini bila kuomba wala kupewa ruhusa ya mtu. Tarehe 12 Mei 2010, shauri liliposikilizwa katika ukumbi wa kanisa hili, wakili wa kampuni alimuuliza mama kama aliwahi kuomba ruhusa, naye, asiyejua kudanganya hata kuhusu umri wake, akajibu, "Ndiyo, bwana, mara ishirini na tano, na nakala ninazo." Clive alijishika kichwa, nami nikajua tumekwisha.

Ndipo baba akasimama kule nyuma, kofia mkononi, akasema, "Doreen, mke wangu, usinichune ngozi, sikupeleka hata moja. Babu yangu alifyeka nyasi pale, leo niombe ruhusa ya kupiga mpira?" Kesho yake alileta kopo la biskuti lenye barua zote, hazijafunguliwa, na mama akamwambia mbele ya watu, "Leonard, huna adabu hata kidogo," akaangua kilio cha furaha, kisha akamnunia siku tisa.

Tarehe 3 Septemba 2010 uwanja ulisajiliwa kuwa wa kijiji, na kwa mara ya kwanza mwaka ule tulilala usingizi. Nyumba tisini zilijengwa penye tanuri la zamani, mama akalalamikia rangi ya matofali ya nyumba hizo, kisha akapeleka keki kila mlango, na wengi mlioketi hapa mliila.

Baba alitutoka tarehe 20 Januari 2014, mama akaanza kuugua moyo mwaka 2017, akalazwa Wenford, akaomba kurudishwa nyumbani, akafariki tarehe 11 Juni 2019, dirisha likiwa wazi na kriketi ikichezwa. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na wenzake wa maktaba.

Lala salama, Mama. Tukitoka hapa chai itanywewa Uwanja wa Bukini, na hakuna tuliyemwomba ruhusa.