Achille Kashindi, Beki Aliyekataa Kupunguziwa Miaka

Marehemu Achille Kashindi hakuwahi kusema uongo kuhusu siku aliyozaliwa. Kwa wachezaji wa zama zake kupunguza miaka lilikuwa jambo la kawaida. Lakini uovu haugeuki kuwa wema kwa sababu wengi wanautenda.

Alizaliwa Uvira, Kongo, tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa pili wa Pascal Kashindi na mkewe Grâce. Kabla mwaka huo haujaisha, vita ya Mulele ilimuua baba yake. Alisoma katika shule ya misheni mjini humo, akamaliza sekondari mwaka 1983.

Kati ya vita ile na iliyofuata alicheza beki wa kulia katika timu ya Étoile ya Kavimvira. Washambuliaji walimwogopa. Waamuzi walimpenda, kwa kuwa akicheza rafu aliinua mkono mwenyewe kabla ya filimbi.

Agosti 1988 klabu moja ya Ubelgiji ilituma mtu kutafuta wachezaji wasiozidi miaka ishirini na mmoja. Achille alikuwa na ishirini na minne. Katibu wa timu alileta fomu mbili, moja yake na moja ya mwenzake Jacques. Jacques alitia sahihi papo hapo. Achille alisoma yake, akairudisha.

"Umeniandika 1968. Baba alikufa 1964. Sasa mama alinizaa na nani?"

Jacques akacheka. "Eh, Kashindi! Wazungu watakuja kufukua kaburi la baba yako? Tia sahihi twende, ndugu yangu."

"Mama iko hai. Atasikia."

Jacques aliondoka peke yake.

Tarehe 23 Desemba 1989 Achille alifunga ndoa na Henriette. Februari 1991 wakampata binti yao wa kwanza, Élisabeth. Oktoba 1996 vita iliingia Uvira, wakakimbia kwa miguu kuelekea Fizi. Élisabeth aliugua kuhara njiani, akafa tarehe 9 Novemba, akazikwa kando ya barabara. Hapo Henriette alimwambia mumewe, "Papa Élisabeth, ilikuwa miaka minne tu kwenye ile fomu."

Walifika Durban, Afrika Kusini, mwaka 2001. Karani aliyemsajili alimwandikia kuwa alizaliwa tarehe mosi Januari, kama wakimbizi wengi. Achille alirudi kwenye foleni mara nne hadi ikasahihishwa. Alilinda magari Umbilo Road, kisha akafanya kazi kiwandani Jacobs. Alipolinda, aliyapa magari mgongo na kutanua mikono, macho kwa wapita njia. Binti zake wawili, wadogo wa Élisabeth, walimcheka: "Angalia, Papa iko anakaba magari!" Naye aliwajibu, "Basi mniambie, nani amenipita?"

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki nyumbani, Umbilo, tarehe 6 Mei 2025. Siku mbili kabla, alimwambia mkewe, "Mama Élisabeth, lile neno lako la njiani. Ningejua, ningetia sahihi." Mama Henriette ameomba maneno hayo yasomwe leo. Tumeyaacha kama yalivyosemwa.

Ameacha mjane, Henriette, mabinti wawili, Mireille na Lyse, wajukuu watatu, na dada yake mkubwa, Anaïs. Mungu ampe pumziko alilokosa duniani.

Kwa kukataa uongo ule alikosa Ubelgiji, na vita ikamkuta Uvira pamoja na Élisabeth, ambaye leo angekuwa na miaka thelathini na minne.