Mstari Uliofutwa Kiwangwa

Bismillah. Ndugu waombolezaji, assalaam alaykum. Kwa niaba ya familia, mimi Abdulrazak nawasomea maisha ya kaka yangu, Mikidadi Ausi Kitwana, na tumekubaliana nyumbani kwamba yasomwe yote.

Marehemu alizaliwa hapa Kiwangwa tarehe 9 Agosti 1972, mtoto wa kwanza wa mzee Ausi, mkulima wa mananasi, na mama yetu Bi Mina, akaanza shule ya msingi mwaka 1980, akasoma sekondari Bagamoyo mjini, kisha akaingia chuo kikuu Dar es Salaam, akahitimu jiolojia mwaka 1999. Alimwoa Bi Mwaija tarehe 16 Juni 2001, wakajaliwa mabinti wawili, Habiba na Tabia.

Kazi yake ilikuwa kusoma picha za satelaiti, akizioanisha na vipimo vya mitetemo na mawe yaliyotolewa kwenye visima vya zamani, hata akaweza kuchora jinsi miamba ilivyolala chini ya shamba ambalo mwenyewe analiona tambarare tu. Mwaka 2015 kampuni moja ya kilimo cha umwagiliaji ilimwajiri achague mahali pa kuchimba visima virefu huku kwetu, naye akagundua mpasuko mrefu wa miamba unaopita mashariki ya kijiji, ambao ungepandisha maji ya chumvi kutoka chini iwapo yangevutwa kwa pampu kubwa. Aliuchora kwa mstari mwekundu. Ripoti ilipotoka tarehe 3 Machi 2016, jina lake lilikuwapo, mstari haukuwapo.

Aliacha kazi wiki hiyohiyo, akaja kwenye mkutano wa kijiji, akasimama akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Mashariki msiwaruhusu, mtakunywa chumvi." Wengi mliopo hapa mlikuwapo. Aliambiwa anawaonea wivu waliobaki kazini, anawanyima vijana ajira, akaketi, mikono ikanyooshwa kuikubali kampuni.

Visima vya kampuni vilianza kutoa maji ya chumvi Oktoba 2018, vikafuata vya kijiji, mananasi yakakauka, kampuni ikang'oa pampu zake ikaondoka, na lawama ikamwangukia yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye ripoti. Miaka sita alisalimia njiani bila kuitikiwa, akiitembeza ramani yake ya awali ofisi baada ya ofisi, akiambiwa haina muhuri. Mama yetu alifariki mwaka 2021, hadi mwisho akiulizwa kisimani kwa nini mwanawe aliuza kijiji, na hilo ndilo lililomvunja kaka.

Kiharusi kilimpata tarehe 11 Desemba 2024, kikamwondolea kauli, akalazwa wiki saba, akafariki leo, tarehe 2 Februari 2025, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochimba kaburi, na wenzake wawili wa kazi waliofika. Kampuni imetuma rambirambi, tumezipokea. Asubuhi hii, maiti haijaoshwa, viongozi wa kijiji walimwomba Habiba ile ramani, visima vipya visije vikachimbwa palepale, naye ameitoa, kwa kuwa baba yake angeitoa.

Kaka Mikidadi, pumzika kwa amani. Watu wako wamekuamini leo.