Injini ya Kozi Ilisubiwa Kerege: Wasifu wa Marehemu Fundi Sharifu Pazi

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu na majirani wa Kerege. Mimi ni Yunus Pazi, mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja. Ile karatasi mliyogawiwa mlangoni, yenye picha ya gari la mashindano, wekeni chini kwanza. Sisi hatuna desturi ya kuchapisha makaratasi msibani. Imeletwa na kampuni yenye gari hilo, ambayo kwa miaka miwili ya ugonjwa haikuleta hata chungwa. Kaka amefariki jana saa nne asubuhi, na leo saa mbili karatasi za rangi zimeshafika. Aya ya nne inasema marehemu "alisaidia kazi ndogondogo za karakana". Mwenye kalamu akate. Nitasoma niliyoandika mimi.

Marehemu alizaliwa Miono tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mzee Pazi Mkumba, mkulima, na Bi Tatu, mfinyanzi. Alipokuwa na miaka saba alivunja chungu kikubwa cha mama. Hakuchapwa. Mama alimpa mchi akamwambia, "Hivyo vigae vitwange mpaka viwe unga." Unga ule ukachanganywa kwenye udongo mpya, maana udongo mtupu hupasuka motoni. Alitwanga siku mbili huku analia. Ukubwani alikuwa akikisimulia kisa hiki anacheka mpaka anakohoa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Miono, akamaliza mwaka 1975. Nafasi ya sekondari hakupata. Alikwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa kusubu vyuma, yaani kuviyeyusha na kuvimimina kwenye kalibu, akaajiriwa kwenye karakana moja ya serikali mpaka alipopunguzwa kazi mwaka 1994. Mwaka uliofuata alifungua karakana yake hapa Kerege, kando ya barabara. Mashine ngapi za maji za wilaya hii zimepona mikononi mwake, nyinyi mnajua kuliko mimi.

Mwaka 2017 kampuni ilimfuata. Walikuwa wanaunda Kozi, gari la majaribio la mbio za saa ishirini na nne, lenye injini ya silinda tatu inayotumia spiriti ya miwa. Walikuwa na michoro mizuri kutoka ng'ambo, lakini bloku la injini walikuwa wamelisubu mara tano, na mara tano likapata nyufa. Kaka aliutazama mchoro akasema, "Huyu aliyechora hajawahi kuunguza kitu." Akabadilisha njia za maji, akaongeza unene pale palipohitajika, akaacha kalibu zao za mchanga na kufinyanga kalibu la udongo uliochanganywa na vigae vilivyotwangwa, vigae vya Miono. Kazi ilimchukua miezi kumi na mitano. Bloku lilitoka zima.

Kozi ilikimbia saa zote ishirini na nne mwaka 2019, na wazungu wakauliza injini imetoka wapi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwanza kampuni ilisema ni ya Kijapani, imerekebishwa. Mwaka uliofuata ikawa ya chuo kimoja cha Ulaya. Siku hizi ni "ubunifu wa timu yetu". Mtoto ana baba watatu, na aliyemzaa hayumo. Lakini ukilipapasa lile bloku kwa chini utakuta vidoa vya vigae, na mimi sijasikia chuo cha Ulaya kinachotwanga vyungu vya Miono. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 2020 waandaaji wa mbio walitaka maandishi ya asili ya injini. Mtunza stoo wa kampuni alitia saini kwamba injini ilikuja kutoka nje ndani ya kreti namba saba. Mtunza stoo huyo ni mimi. Waliniambia ni utaratibu tu, na mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha. Kaka alipokwenda kudai jina lake, alionyeshwa saini yangu.

Alikuja nyumbani siku ile ile, akakaa, akaniuliza, "Yunus, hilo kreti ulilifungua?"

"Nililifungua, kaka."

"Ndani mlikuta nini?"

"Viti vya gari."

"Haya," akasema. Akanywa chai, akaaga. Hakulitaja tena mpaka anakufa.

Alimuoa Bi Kuruthumu binti Issa wa Bagamoyo mjini tarehe 6 Agosti 1988. Mzee Issa alipomuuliza anafanya kazi gani, alijibu, "Nayeyusha masufuria." Mzee akamwambia mkewe afiche vyombo, kisha akakubali posa. Waliishi kwa masikilizano miaka thelathini na sita.

Mapafu yalianza kumsumbua mwanzoni mwa mwaka 2023. Moshi wa tanuri haukumwacha. Nilimpeleka hospitali kila mwezi, nikamnywesha uji, nikamgeuza kitandani. Mara ngapi tulikuwa wawili tu chumbani? Mdomo nilikuwa nao. Nilimwuliza kama anataka mto mwingine, kama anataka maji. Radhi sikumwomba. Jana, tarehe 11 Februari 2025, alifariki nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Kwa kawaida msemaji wa familia huuliza hapa kama yupo anayemdai marehemu. Mwenye dai lake amwone Haji, mwanawe. Mimi nauliza upande wa pili: nani alimdhulumu marehemu? Mmoja ni meneja, amekaa pale kwenye kiti cha mbele, amevaa kanzu mpya. Wa pili nimesimama. Meneja, barua niliyokupa ulipoingia ni ungamo langu, limetiwa saini mbele ya wakili. Nakala imekwenda kwa waandaaji wa mbio. Kreti namba saba lilikuwa na viti. Injini ya Kozi aliiunda Sharifu Pazi wa Miono. Kazi yako ichukue.

Msiniitikie, wala msinisifu. Mtu haambiwi ahsante kwa kurudisha alichoiba wakati mwenyewe ameshavikwa sanda.

Marehemu ameacha mjane, Bi Kuruthumu, watoto watatu, Hajra, Haji na Esha, wajukuu watano, na mdogo mmoja ambaye hakusamehewa kwa sababu hakuomba. Ewe Mola, mpumzishe kaka yangu. Mimi usinipumzishe kwanza.