Waya Alioacha Majidi

"Chomoa waya wa skrini kwanza, ndo ufunike hiyo laptopu—"

"Sichomoi, fundi, nimeshakwambia—"

"—maana ikilala na skrini ya nje imechomekwa, inaganda."

Treni ilikuwa ndo kwanza inaiacha Tabora. Recheli, aliyekaa mkabala na fundi huyo na mwanamke aliyepakata laptopu na skrini yake, alifumba macho akajifanya amelala, kwa kuwa mbele ya mtu aliyelala watu hawafichi kitu.

Gerson, fundi simu, alishusha sauti. "Dada Batuli, asubuhi ukiifunua unakuta nini?"

"Giza tupu, feni inanguruma. Mume wangu anapiga kutoka Lubumbashi, mimi nabonyezabonyeza tu mpaka anakata."

Aliposikia Lubumbashi, Recheli nusura aharibu usingizi wake.

"Sasa si uchomoe?"

"Majidi kauchomeka kwa mkono wake siku anaondoka, ili nimwone mkubwa. Kwetu msafiri akitoka hatufagii, tusije tukafuta nyayo zake."

"Kwa hiyo hujafagia tangu Machi?"

"Nyumba nimefagia. Waya ndo umebaki."

Gerson alijikuna kidevu. "Basi niiseti isilale kabisa. Ila itaungua."

"Mimi mbona silali na siungui?"

Treni ikapunguza mwendo, Kigwa hiyo. Batuli akaikumbatia laptopu yake na skrini, waya ungali umechomekwa, akainuka. Recheli naye akafumbua macho, akabeba kikapu.

"Samahani, dada. Nami ni wa hapahapa. Mumeo akipiga, niite nije nitazame. Mwanangu Anselm yuko hukohuko Lubumbashi, kimya tangu Pasaka. Labda atapita nyuma yake."