Castory Ntahondi na Kiti cha Kushoto

Ndugu waombolezaji, majirani wa Pongwe, na ninyi mliotoka Muheza na mbali zaidi: tumekuja kumsindikiza fundi wetu, na kabla ya udongo tunaomba mtusikilize kidogo.

Marehemu Castory Ntahondi alizaliwa tarehe 14 Juni 1964 katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, wilayani Muheza. Baba yake alitoka Kasulu kwa mkataba wa kukata mkonge, akisema atakaa miaka miwili. Kaburi lake ni lile pale, jirani na hili lililo wazi. Mama yake alikuwa Mbondei. Castory alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza alikuwa Zebedayo, aliyemzidi miaka miwili. Nyumbani walimjibu baba kwa Kiha na mama kwa Kibondei, na wao wawili walizungumza Kiswahili cha kambini, ambacho kila kabila lilitia chumvi yake.

Alisoma shule ya msingi ya shambani kuanzia mwaka 1972 hadi 1978. Wenzake wa darasa, ambao baadhi yao wapo hapa, wanawakumbuka ndugu hao kwa mchezo mmoja. Zebedayo alikuwa akisukuma ringi ya baiskeli kwa kijiti kuzunguka kitalu cha mkonge, mbio kadiri ya miguu. Castory alikimbia mbele yake kila kona, kwa sababu mkonge ulikuwa umewazidi urefu na matrekta yalitokea bila taarifa. Akifika konani anachungulia, anageuka na kupiga kelele: "Hakuji mtu!" Zebedayo anapita bila kupunguza mwendo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza ya Castory duniani, na aliifanya vizuri.

Mwaka 1983 alihitimu mafunzo ya ufundi wa magari mjini Tanga. Alifanya kazi katika gereji ya mabasi hadi mwaka 1991, alipofungua yake mwenyewe pale Mabawa. Tarehe 25 Aprili 1992 alifunga ndoa na Bertha, na Mungu akawajalia watoto wawili, Jenifa na Safari. Kazi yake wengi wenu mmeiendesha na hadi leo mnaiendesha. Aliongea na nati zilizogoma kwa lugha nne, ya nne ikiwa Kigujarati alichookota dukani kwa rafiki yake, Bwana Fidahussein, muuza vipuri wa Ngamiani. Bwana Fidahussein ametuomba tusitaje maneno yenyewe.

Mwaka 1995 Castory na Zebedayo walinunua, nusu kwa nusu, Toyota Celica nyeupe ya mwaka 1980, ya milango miwili, yenye paa lililolala nyuma. Jumapili tarehe 1 Desemba 1996 walikuwa wakirudi na gari hilo kutoka Mombasa. Walivuka Horohoro salama. Barabara wakati huo ilikuwa ya vumbi, na mbele yao lilikuwapo lori. Castory alikuwa kwenye usukani, kulia. Zebedayo, aliyekaa kushoto nyuma ya vumbi la lori, hakuweza kuona kitu, akauliza: "Kunakuja mtu?" Castory akajibu: "Hakuji mtu," akatoka kulipita lori. Kulikuwa na trekta lisilo na taa. Zebedayo alifariki palepale. Castory alitoka na jeraha la bega.

Hakuwahi kuificha habari hii. Aliwaeleza polisi, akamweleza padri, akamweleza mama yake, kwa maneno hayohayo, na aliagiza yasomwe leo mbele yenu.

Baada ya siku hiyo hakulipita tena gari lolote barabarani. Kutoka Tanga hadi Muheza alifuata malori ya machungwa kwa mwendo wa machungwa. Siku moja walikuwa nyuma ya mwendesha baiskeli aliyebeba mkaa, na mkewe Bertha uvumilivu ukamwishia.

"Baba Jenifa, hata baiskeli?"

"Hata baiskeli. Naye si anafika?"

Siku ya kuanua tanga la Zebedayo, vitu vyake viligawiwa kama desturi yetu. Shati lilipata mtu, saa ikapata mtu. Ilipofikia gari, mjomba wao Tadeo aliuliza nani anapokea nusu ya marehemu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee Tadeo akaamua: "Upande wa kulia ni wako, Castory. Wa kushoto ni wa mwenzio, mpaka atokee wa kuuchukua." Hakutokea. Na wote tuliolelewa hapa tunajua linalosemwa kuhusu kitu cha marehemu kilichokosa wa kukipokea: mwenyewe anabaki karibu nacho.

Castory aliliweka gari chini ya bati, nyuma ya gereji. Alilinyoosha, akalipaka rangi, lakini hakulitoa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kazi, alipita upande wa kushoto na kusema, "Shikamoo kaka." Mafundi wake walizoea. Wateja waliazima ujasiri kwao. Bwana Miraji, ambaye yupo hapa na anacheka tayari, aliwahi kukaa kwenye kiti hicho ili kuikwepa mvua.

"Fundi, unamsalimia nani?"

"Uliyemkalia."

Bwana Miraji alipendelea kulowa.

Mwaka 2017 Castory alitangaza mezani kwamba atalijenga gari hilo upya, liwe gari la mashindano ya uwanjani, lisilokanyaga tena barabara ya watu. Tulidhani ni utani wa fundi anayezeeka. Halikuwa jambo la kushindana. Alichotaka ni kimoja: gari lile, na upande wake wa kushoto, lizunguke walau mara moja mahali ambapo akisema "Hakuji mtu" iwe kweli.

Mfuko wake ulikuwa wa fundi wa Mabawa, kwa hiyo alipanga kwa muda mrefu kuliko alivyonunua. Alichora gari zima kwa chaki kwenye sakafu ya gereji, ukubwa wake halisi, na kila kipuri mahali pake. Kwanza breki, kutoka gari zito zaidi lililokatwakatwa. Halafu matairi na shokapu. Injini aliiacha mwisho. "Likishajua kusimama," alisema, "tutalifundisha kukimbia." Jumamosi moja mkewe Bertha, kwa nia njema kabisa, alipiga deki gereji yote. Castory aliikuta sakafu inang'aa. Akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama Jenifa, umenifutia breki."

"Si uchore nyingine? Chaki ipo."

Akachora nyingine, na mwaka huo akagundua kwamba ile ya kwanza ingekwaruza ringi.

Bwana Fidahussein alimtafutia vipuri vya mtumba kila alikokuwa na ndugu, na hiyo ni sehemu kubwa ya dunia. Alimkatalia jambo moja tu: ngome ya ndani, ile ya kulinda vichwa gari likibinuka, isitengenezwe kwa bomba la maji. "Bomba la maji lilinde maji, bwana," alisema, akaleta chuma kinachofaa. Kisha wakaanza kupunguza uzito. Walitoa zulia, redio, kiti cha nyuma, mpaka vitambaa vya milango.

"Castory, wallahi wewe ni mtu wa ajabu. Wenzako wananunua magari yenye viti, wewe unatoka jasho kuvitoa. Haya, bado hiki cha kushoto. Kizito hiki."

"Hicho kiache."

"Cha nini? Uwanjani unakwenda peke yako."

"Kina mtu."

Bwana Fidahussein aliiweka spana chini.

Machi 2024 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia alipokuwa akisafishwa damu. Miguu ilivimba, macho yakafifia, na ikawa wazi kwamba gari litakamilika lakini dereva wake hataweza kuliendesha. Kisha akamwita Jenifa, ambaye ni dereva wa gari la wagonjwa, akampa ufunguo. "Kulia kwako," alimwambia. Jenifa alimuuliza yeye atakaa wapi. Castory akainua kidole kuelekea upande wa kushoto.

Jumamosi tarehe 9 Agosti mwaka huu, 2025, kwa ruhusa ya meneja wa shamba alikozaliwa, gari lilishushwa kwenye njia ileile inayozunguka kitalu. Majirani wa kambini walisimama kwenye kila upenyo, na kanga nyekundu mikononi, wasimruhusu hata mbuzi kupita. Kona ya mwisho aliilinda Bwana Fidahussein mwenyewe, na kofia yake nyeupe ya darizi.

Marehemu alibebwa hadi mlango wa kushoto. Ulipofunguliwa, aliomba ashushwe asimame kwanza. Akasema kwa sauti yake ya kila siku: "Shikamoo kaka. Sogea." Ndipo akaingia. Hakuna aliyecheka.

"Baba, umekaa vizuri?" Jenifa aliuliza.

"Tumekaa."

Gari liliondoka. Tuliobaki tuliusikia muungurumo ukienda nyuma ya mkonge, ukipungua na kupanda. Kona baada ya kona Castory aliinua kidole na kusema, "Hakuji mtu," na Jenifa akakanyaga mafuta. Kwenye kona ya mwisho Jenifa alisikia tena, "Hakuji mtu," akapita bila kupunguza, Bwana Fidahussein akaipunga kanga mpaka kofia ikamdondoka. Walipofika na kuzima injini, baba yake alikuwa amefumba macho, midomo imekauka, mkono umelala pajani.

"Ile ya mwisho," baba alimuuliza, "uliisikia?"

"Nimeisikia, baba."

"Mimi sikusema."

Jioni hiyo, akiwa kitandani, alimwomba Bwana Fidahussein arudi gereji na spana yake. "Kitoe sasa kile kiti," alimwambia. "Hakina mtu." Bwana Fidahussein alikitoa peke yake, akakibeba hadi nje, na anasema hakikuwa kizito kama alivyodhani miaka yote.

Castory Ntahondi alifariki dunia nyumbani kwake Jumanne tarehe 19 Agosti 2025, alfajiri, mkewe akiwa pembeni yake. Ameacha mjane, Bertha. Watoto wawili, Jenifa na Safari. Mjukuu mmoja, Blessing. Na rafiki yake Fidahussein, ambaye familia imemwandika hapa pamoja na ndugu. Vitu vyake vitagawiwa siku ya kuanua tanga, na safari hii kila kitu kitapata wa kukipokea. Gari limeshampata wake, pande zote mbili.

Mzee wetu, kaka yako ametangulia na amekwisha kuchungulia. Pita, upumzike kwa amani. Hakuji mtu.